Je, Yaliyopita si Ndwele? Mtu wa Imani na Hofu ya Zamani

Masomo ya wiki: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, Mwanzo 41:51, Mwanzo 42:21-24

Wiki hii tunaingia kwa swali ambalo wengi wanalibeba kimyakimya. Wanakuja nalo kanisani, wanaimba nalo, wanatoa sadaka nalo, na wanarudi nalo nyumbani. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyeokoka, anayeomba na kufunga, akiendelea kushtuka kwa sababu ya jambo lililotokea miaka ishirini iliyopita, je, ni imani imepungua? Ama kuna kitu sisi wengine hatujaelewa?

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Ni methali nzuri. Inatuokoa na tabia ya kufufua ugomvi wa juzi kila tukikutana. Lakini methali ni kama dawa, na dawa ya malaria haiungi mfupa uliovunjika. Kuna watu ambao kwao yaliyopita ni ndwele kabisa, ndwele ya kulala nayo na kuamka nayo. Kumwambia mtu kama huyo "wachana na hiyo, songa mbele" ni sawa na kumwambia mwenye homa aache kuwa na joto.

Ijumaa ile

Tuchukue jambo tunalolijua wote hapa Nairobi. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, bomu lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale barabara ya Moi inapokutana na Haile Selassie. Jengo la Ufundi liliporomoka. Jengo la Co-operative likabaki limesimama lakini vioo vyake vikawa vimemwagika kila mahali. Watu 213 walikufa Nairobi, na zaidi ya 4,000 wakaumia. Asubuhi hiyo hiyo watu 11 walikufa Dar es Salaam. Wengi wa waliopoteza macho walipatikana kwa njia ya kuumiza moyo: walisikia mlio wa kwanza, ule mdogo, wakakimbilia dirishani kuona kuna nini. Ndipo ule mkubwa ukaja na vioo.

Hawakuwa askari. Walikuwa makarani, wanafunzi, abiria ndani ya basi, watu wa kuuza vitu barabarani. Watu kama sisi, wanaoteremka Jogoo Road asubuhi wakifikiria kodi ya nyumba na karo.

Leo pale ni bustani ya ukumbusho, iliyofunguliwa 2001, na majina ya marehemu yako ukutani. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, pengine ana watoto. Jiji limejenga, limepaka rangi, limeendelea. Lakini tuseme kuna mama kule Jericho ambaye hadi leo hakai karibu na dirisha la kioo. Akiingia benki anatafuta kwanza mlango wa kutokea. Tuseme kuna mzee Umoja ambaye transfoma ikilipuka usiku, watoto wanamkuta ameinama nyuma ya kiti, jasho linamtoka, na hawezi kueleza.

Wala si 1998 peke yake. Wako waliokuwa Mukuru Sinai tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja iliposhika moto na watu zaidi ya 100 wakateketea. Wako waliokuwa Huruma usiku wa 29 Aprili 2016, ghorofa ilipoanguka mvua ikinyesha. Wako waliopitia zile wiki za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kule Mathare, Kariobangi na Dandora. Mtu kama huyo, kila baada ya miaka mitano kampeni zikianza, anaanza kuwahesabu majirani: huyu ni wa wapi, na yule je?

Kengele isiyozimika

Mwili una kengele ambayo Mungu mwenyewe aliiweka. Hatari ikija, moyo unapiga mbio, miguu inapata nguvu ya kukimbia, akili inasahau njaa. Bila kengele hiyo hakuna ambaye angevuka Outer Ring akafika salama. Kawaida hatari ikipita, kengele inazima. Lakini kuna wakati pigo linakuwa kubwa mno, na kengele inakwama. Jambo limeisha kwa kalenda, lakini mwilini halijaisha.

Madaktari wa akili wa Marekani waliuandika ugonjwa huu rasmi mwaka 1980, baada ya kuwaona askari wengi waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Dalili zake zinajulikana. Kumbukumbu inaingia bila hodi, mchana au ndotoni. Mtu anakwepa mahali, harufu au maongezi yanayomrudisha kule. Moyo unakufa ganzi, hata furaha ya harusi ya mtoto wake haimfikii. Na mwili unakesha: usingizi mwepesi, hasira za haraka, kushtuka kwa kitu kidogo. Mambo haya yakipita mwezi mmoja na yakaharibu maisha ya mtu, huo si unyonge wa tabia. Ni ugonjwa, na una matibabu. Si kila aliyeona mabaya anaupata. Wengi hutulia wenyewe baada ya muda. Lakini wako wasiotulia, na hawakuchagua.

Wahenga walijua hili kabla ya vitabu vya madaktari. Walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Angalia vizuri methali hiyo. Ung'ongo ni uzi wa ukindu tu, wa kushonea mkeka. Hauna meno. Lakini methali haimcheki mtu yule, wala haimwiti mwoga. Inasema tu kwamba hushtuka, na sababu inaijua: aliumwa.

"Lakini Pasta, Neno si linakataza woga?"

Hapo ndipo swali letu linapokaza, na si vizuri tulikwepe. Mtu ataniambia: "Pasta, Biblia si inatuambia tena na tena tusiogope? Si tukiokoka maisha yanaanza upya? Sasa huyu anayetetemeka mwaka wa ishirini, si amekataa kuamini?"

Ni swali la haki. Jibu la kwanza ni kwamba neno "usiogope" kwa Maandiko huambiwa mtu ambaye tayari anaogopa, na mara nyingi huambatana na kitu cha kushika. Eliya alipokimbia jangwani akitaka kufa, 1 Wafalme 19, hakupewa karipio kwanza. Alipewa usingizi, mkate na maji. Akalala tena, akapewa chakula tena. Mahojiano yalikuja baadaye, siku arobaini baadaye. Sisi mara nyingi tunaanza na mahojiano, na mkate hatubebi.

Jibu la pili ni la kufikiri kidogo. Lawama inafuata hiari. Mkono ukigusa sufuria ya moto, unaruka kabla hujaamua lolote. Hakuna anayetubu kwa sababu mkono wake uliruka. Kushtuka kwa mtu aliyejeruhiwa ni kuruka kwa mkono huo. Hakukupitia kwa mapenzi yake, kwa hivyo hakuwezi kuwa dhambi wala kipimo cha imani yake. Pengine tungekuwa waangalifu, tungeona imani mahali pengine kabisa: yule mama wa Jericho, na hofu yake yote, bado anapanda matatu kila asubuhi kwenda mjini kutafutia watoto. Asiyeogopa kwenda mjini hahitaji imani kwenda mjini. Huyu anaihitaji kila siku.

Lakini mizani ina pande mbili. Baada ya kushtuka kuna nafasi, hata kama ni ndogo, na katika nafasi hiyo tunaamua. Mtu akizima kumbukumbu kwa chang'aa, akimpiga mtoto kwa sababu bati limegongwa, akimchukia jirani kwa sababu ya kabila la aliyemuumiza 2008, hapo hiari imeingia. Jeraha linaeleza kwa nini ni vigumu kwake kuliko kwako. Halimpi ruhusa. Tunapaswa kumhurumia kwa lile asilolichagua, na kumshika mkono kwa lile analoweza kulichagua. Tukimlaumu kwa yote mawili tunamkandamiza. Tukimsamehe yote mawili bila neno, tunamwacha peke yake, na watoto wake wanaumia.

Mtoto aliyeangushwa na habari

Sasa tufungue 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano. Vita vilikuwa mbali. Baba yake Yonathani na babu yake Sauli waliuawa huko, na habari ikafika nyumbani kutoka Yezreeli. Yaya akambeba mtoto, akakimbia, na katika haraka hiyo mtoto akaanguka. Akawa kiwete.

Tafakari jambo hili, mpendwa. Mtoto hakuona vita. Hakuona mkuki hata mmoja. Kilichomvunja miguu ni habari iliyotoka mbali, pamoja na hofu ya mtu aliyempenda. Kwa hivyo usimcheke mtu akikuambia aliumizwa na jambo ambalo hakuwepo. Wako waliozunguka hospitali na mochari kwa siku tatu wakitafuta ndugu mwaka 1998. Wako waliokuwa hapa mtaani wakipokea simu kutoka Bonde la Ufa 2008, simu ikakatika katikati. Wako watoto waliotazama televisheni ya Westgate mwaka 2013 siku nne mfululizo, wazazi wakidhani wanacheza.

Yaya naye tumwangalie. Hakuwa mbaya. Alikuwa anaokoa mtoto. Lakini hofu yake ndiyo iliyomwangusha. Wazazi wengi wa Eastlands wako hapo. Uliyeponea, unamlinda binti yako kwa nguvu zote: asitoke, asichelewe, asiende mjini, na akichelewa dakika kumi unalipuka. Unamkimbiza kutoka kwa vita ambavyo yeye havijui. Kujitafutia uponyaji si ubinafsi, mama. Ni kuangalia vizuri unavyombeba mtoto.

Miaka ikapita. Mefiboshethi akawa mtu mzima, mwenye mtoto wake mwenyewe aitwaye Mika, akiishi Lodebari katika nyumba ya mtu mwingine. Daudi akamtuma mtu amlete. Alipofika alianguka kifudifudi, akajilinganisha na mbwa mfu. Miaka yote hiyo, bado anajiona kama kitu cha kutupwa! Daudi hakumuuliza kwa nini hajapona. Alimwambia asiogope, akamrudishia shamba la babu yake, akampa kiti mezani.

Halafu soma mstari wa mwisho wa sura ya 9. Baada ya mambo hayo mazuri yote, mwandishi anatukumbusha kwamba alikula mezani pa mfalme siku zote, na kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Sisi tungetaka sura imalizike na kuruka na kucheza. Haikumalizika hivyo. Neema ilimpa meza kabla ya kumpa miguu. Hakuwa mgeni wa daraja la pili kwa sababu hiyo. Alikula kama mmoja wa wana wa mfalme.

Mtoto aliyeitwa kwa kusahau

Wengine wanasema: kama umesamehe kweli, ungekuwa umesahau. Mtazame Yusufu. Aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka kama 17. Alipopandishwa cheo Misri alimpa mzaliwa wake wa kwanza jina Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake. Ni ushuhuda mzuri, na sidhani alikuwa anadanganya. Alikuwa na kazi, mke, heshima. Mambo yalikuwa shwari.

Halafu njaa ikaja, na ndugu wakaja nayo, baada ya miaka 20 na zaidi. Wakasimama mbele yake wakiongea kwa lugha ya nyumbani, wakidhani haelewi, wakikumbuka jinsi alivyowalilia siku ile. Yusufu akageuka, akaenda kando, akalia. Mtu mwenye mtoto aitwaye Kusahau! Baadaye alilia tena chumbani, akanawa uso, akarudi kuagiza chakula kiletwe. Mwishowe alishindwa kujizuia, akalia hata nyumba ya Farao ikasikia.

Je, hakuwa amesamehe? Alisamehe. Aliwalisha, akawapa mahali pa kukaa, hakulipiza. Msamaha na machozi viliishi ndani ya mtu mmoja. Kusamehe ni uamuzi kuhusu deni: sitakudai tena. Kukumbuka ni jambo la mwili na akili, na halifuti uamuzi ule. Kwa hivyo ukimwona dada yako analia tarehe ya msiba ikifika, usimwambie bado ana uchungu moyoni. Pengine alishasamehe zamani kuliko wewe ulivyowahi kusamehe jirani aliyekuchukulia kamba ya kuanika nguo.

Ushuhuda wetu

Sasa hapa panatugusa sisi kama kanisa. Tunapenda ushuhuda wenye mwisho. Mtu akishika maiki tunataka aseme alikuwa hivi, akaombewa, sasa ni sawa kabisa. Tunapiga makofi. Na Mungu anaponya papo hapo. Naamini hivyo bila haya, na tuna watu ambao hofu iliwatoka siku moja na haikurudi. Lakini tuseme dada anasema "nimefunguliwa kabisa" kwa sababu anajua ndilo neno tunalolingojea, na usiku huo ndoto inarudi. Sasa ana mizigo miwili: ndoto, na aibu ya kuwa amesema uongo madhabahuni. Wiki ijayo hawezi kumwambia mtu, kwa sababu kanisa zima linajua amepona. Amri inatukataza kushuhudia uongo. Basi tusimsukume mtu kuivunja ili ibada yetu ichangamke.

Kunyamaza kunaua polepole. Daktari Frank Njenga na wenzake walichunguza Wakenya zaidi ya 2,800 katika miezi ya kwanza baada ya lile bomu, na kama theluthi moja walikuwa na dalili za ugonjwa huu. Miongoni mwa mambo yaliyoandamana na dalili hizo, pamoja na kuumia, kufiwa na kukosa pesa, lilikuwa hili: kutokuwa na rafiki wa kumwambia ya moyoni. Hilo si jambo la dawa ghali. Ni jambo la ushirika wetu wa nyumbani, wa Jumatano jioni, chai na mandazi. Kama mtu hawezi kusema hapo "bado ninaota", basi tunakutania nini?

Tufanye nini?

Kwa wewe unayebeba: ujue ung'ongo wako ni upi. Harufu, mlio, tarehe, mahali. Ukiujua haukuvamii tena gizani. Mshtuko ukija, weka miguu chini, pumua polepole, taja vitu vitano unavyoviona: kikombe, pazia, kalenda, mlango, kiatu. Unauambia mwili uko leo, hauko siku ile. Zima zile video za damu zinazorushwa kwa WhatsApp. Huna deni la kuzitazama. Na utafute msaada. Anza hospitali ya serikali iliyo karibu, ama uende Mathari. Mathari ni hospitali, jina lake lisikutishe. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure. Kuna mashauriano yanayomsaidia mtu kuikaribia kumbukumbu kidogo kidogo mpaka ipungue makali, na kuna dawa kwa wanaozihitaji. Anayemeza dawa ya presha haonekani amemkana Mungu. Hii nayo ni vivyo hivyo. Na ukifika mahali unawaza kujitoa uhai, usingoje Jumapili. Amsha mtu usiku huo huo.

Kwa wewe jirani: usichimbe. Usiulize "uliona maiti ngapi?" Sema tu, "Niko hapa, siharakishi." Usikimbilie kukemea pepo kila mtu anapotetemeka, omba naye kwa sauti ya chini, na umshike mkono akikubali. Kumbuka tarehe yake. Mpelekee chakula siku hiyo, kama tunavyofanya kwa matanga, kwa maana kwake ni matanga.

Na tuirudie ile methali. Yaliyopita si ndwele kwa aliyepona. Kwa ambaye hajapona, kumganga leo ndiko kuganga yajayo: ni ndoa yake ya kesho, watoto wake, na usingizi wake wa mwaka ujao. Kanisa liko hapo kwa kazi hiyo. Tuna meza. Mwenye miguu mibovu avutiwe kiti.

Tuombe: Bwana, unamjua kila mmoja wetu na siku yake. Wape usingizi wale wanaokesha bila kupenda. Tupe sisi wengine masikio, na utuondolee haraka ya kuhukumu. Anayetetemeka leo ajue kwamba hujamwacha. Katika jina la Yesu, Amina.